Uchafu umegoma mpakani: utatuzi kwa wanaosafisha mafuta ya ufuta na ya nazi

Msimu wa ufuta ukishika kasi, kuanzia Nachingwea na Ruangwa hadi vijiji vya pwani ya Lindi, wanaokamua mafuta kwa mashine ndogo huja na swali lilelile. Umemwagia mafuta maji ya moto ili uchafu ushuke. Maji yamekaa chini, mafuta yamekaa juu, kama inavyotakiwa. Lakini uchafu umetanda katikati, haupandi wala haushuki. Jibu wanalopewa mara nyingi ni moja: acha itulie. Kutulia kunatibu tatizo moja tu kati ya haya nitakayoyaeleza. Mengine yote, hata ukiliacha dumu hadi Ijumaa ijayo, utalikuta vilevile.

Nimewaweka pamoja watu wa ufuta na watu wa nazi kwa sababu maalumu. Mchanga uleule wa kwetu una tabia mbili. Ukiingia kwenye sufuria ya tui, unazama hadi chini bila kumsumbua mtu. Ukiingia kwenye mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa makavu, kisha ukayaweka juu ya maji, unasimama mpakani. Uzito wa mchanga haukubadilika. Kilichobadilika ni kimiminika kilichotangulia kuulowesha. Kwenye tui ulikutana na maji kwanza. Kwenye mashine ulikutana na mafuta kwanza, tena yakiwa na joto. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo utayatambua kwa macho.

Anza na chupa inayoonyesha ndani

Ndoo ya plastiki haikuonyeshi kitu. Tafuta chupa ya kioo, weka maji safi hadi theluthi, kisha mimina juu yake mafuta yenye uchafu, polepole, yakitiririka ukutani mwa chupa. Iweke penye mwanga na uitazame kwa ubavu, si kwa juu.

Kama chembe zinaonekana bado zinashuka ndani ya mafuta, hazijakwama, ziko njiani. Mafuta ya kupikia yana mnato mkubwa, mara hamsini hivi na zaidi ya ule wa maji kwenye joto la kawaida la chumba. Punje ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 0.1 huchukua takriban dakika 10 kushuka sentimita 10 ndani ya mafuta, ilhali ndani ya maji umbali huohuo ni sekunde chache. Na mwendo unategemea ukubwa kwa namna isiyo na huruma: punje yenye nusu ya kipenyo hushuka kwa robo ya mwendo. Vumbi la milimita 0.01 litahitaji saa 15 hivi kwa sentimita hizo 10. Hapa ndipo neno "subiri" lina maana. Ukipasha mafuta hadi nyuzi joto 70, mnato hushuka hadi karibu robo, na safari inafupika kwa kiasi hichohicho.

Kama chembe zimefika kwenye mpaka na kusimama, kusubiri kumemaliza kazi yake. Chukua kijiko, chota kidogo cha hilo tabaka, litie kwenye glasi ya maji safi na ukoroge. Chembe zikitawanyika na kuzama zikiwa safi, shida yako ni ndogo. Zikishikana vidonge vyenye kung'aa mafuta, baadhi vikielea, zimelowa mafuta. Maji yakigeuka meupe au yakawa na ute, huna tatizo la mchanga. Ruka hadi sehemu za ute na za tui.

Mpaka unapata wapi nguvu ya kushika punje

Mafuta na maji yanapokutana, eneo la kukutania hujivuta lisitanuke. Kwa maji na hewa mvutano huo ni milinewton 72 hivi kwa kila mita. Ndio unaobeba sindano iliyolazwa taratibu juu ya maji kwenye bakuli. Kwa maji na mafuta ya mimea ni karibu theluthi yake, 25 hivi, na hupungua kadiri mafuta yanavyokuwa na asidi zaidi. Kidogo, lakini kwa punje ndogo kinatosha kabisa.

Sababu ni hesabu. Uzito wa punje unafuata ujazo wake, ila mshiko wa mpaka unafuata mzingo wake tu. Punguza kipenyo kwa nusu: uzito unabaki sehemu moja ya nane, mshiko unabaki nusu. Mchanga una gramu 2.65 kwa kila mililita, maji 1, mafuta ya ufuta 0.92 hivi. Kwa namba hizo, punje ambayo maji na mafuta yanaigombea sawa kwa sawa inaweza kushikiliwa mpakani hata ikiwa na kipenyo cha milimita 2. Ile inayopendelea maji, ukomo wake unashuka chini ya milimita 1. Na ile ambayo maji yanailowesha kabisa haina kinachoishika, inapita.

Mchanga unaotoka shambani ni mdogo kuliko milimita 2. Kwa hiyo ukikuta umesimama, usishangae wala usilaumu mashine. Ukitaka upite, ama uukusanye uwe mzito kwa pamoja, ama uufanye ulowe maji. Njia ya tatu, ya kuupunguza mpaka wenyewe nguvu, nitaieleza ili nikukataze.

Kuna hali moja inayofanana na kukwama lakini si kukwama. Punje inafika mpakani, inatua, inakaa, kisha ghafla inachomoka na kwenda chini. Chini yake kulikuwa na utando mwembamba wa mafuta uliokuwa bado unajikamua pembeni. Kwenye mafuta ya baridi jambo hilo linaweza kuchukua dakika kadhaa, kwenye mafuta ya moto ni haraka. Iache, haikuombi msaada.

Dalili: zulia la mchanga mwekundu limelala juu ya maji

Hili ndilo tatizo kubwa la ufuta wa kusini. Ufuta unakatwa, unafungwa vifungu, unasimamishwa ukauke, kisha unapigwa. Anayepigia juu ya turubai anapata vumbi kidogo. Anayepigia chini anakusanya ufuta na udongo wa Makonde kwa pamoja. Ungo hutoa mawe na majani. Hautoi punje ya mchanga inayolingana na mbegu. Inakwenda hadi kwenye mashine, inasagwa pamoja na mbegu ikiwa kavu, na inatoka imepakwa mafuta pande zote. Asidi zilizomo kwenye mafuta hujishika kwenye uso wa mchanga, na baada ya hapo maji hayaupati tena kwa urahisi.

Dawa ya kweli iko nyuma, kabla ya kukamua. Osha mbegu. Zitie kwenye ndoo ya maji, koroga kwa mkono, acha kidogo, kisha enga mbegu kwa kuzimimina pamoja na maji huku mchanga ukibaki chini. Mbegu ya ufuta ni nzito kidogo tu kuliko maji, kwa hiyo huinuka kirahisi maji yakitembea, mchanga hauinuki. Rudia hadi chini kusibaki kitu, kisha anika mbegu mpaka zikauke sawasawa. Najua watu wanakwepa kazi hii kwa sababu ya uhaba wa maji na kwa sababu kuanika tena ni siku nyingine. Bado ni nafuu kuliko kuhangaika na mafuta, na mashine yako inadumu, maana mchanga unaila.

Mafuta yakishakamuliwa na zulia likishatanda, fanya hivi. Pasha maji hadi nyuzi joto 70 hivi, yasichemke, na mafuta nayo yawe na joto la karibu na hilo. Kamwe usimwage maji kwenye mafuta yaliyopita nyuzi 100. Maji yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta usoni. Nyunyiza maji hayo juu ya mafuta kidogo kidogo, kwa mkono au kopo lenye matundu. Kila tone linaposhuka linakutana na chembe njiani na kuzilowesha zikiwa bado ndani ya mafuta, na chembe iliyomo ndani ya tone la maji haina mpaka wa kuvuka tena, maana tone lenyewe linaungana na maji ya chini.

Zulia lililobaki lisukume kwa mgongo wa upawa mpaka liingie ndani ya maji, kisha koroga huko chini tu, taratibu. Unataka punje ziachane ili maji yafike kila upande. Utaona vitone vya mafuta vikipanda. Kosa la kawaida ni kukoroga chombo kizima kwa nguvu, mafuta na maji kwa pamoja. Hapo unatengeneza rojo jeupe ambalo litakusumbua kuliko mchanga.

Chombo nacho kina sehemu yake. Kwenye beseni pana mchanga unatanda punje mojamoja, na kila punje inashikiliwa peke yake. Kwenye dumu jembamba au chombo chenye kitako kilichochongoka, tabaka linakuwa nene, mpaka unabonyea, na mwisho fungu zima linaporomoka. Kama una chaguo, beseni liachie nguo.

Na sabuni? Kipande kidogo cha sabuni kinaweza kuangusha zulia lote kwa muda mfupi, kwa sababu kinaupunguzia mpaka mvutano na kuyasaidia maji kulowesha punje. Kwenye chupa ya majaribio shuleni, lifanye, wanafunzi watafurahi. Kwenye mafuta ya kula, hapana. Maji ya majivu ni hadithi hiyohiyo: ualikali wake unakutana na asidi za mafuta na kuwa sabuni humohumo ndani, unapata povu, rojo na mafuta pungufu.

Dalili: mchanga umeshuka, lakini mafuta yamekwenda nao

Fungu la mchanga likiporomoka kwa pamoja hubeba mfuko wa mafuta, na punje zinabaki zimeuzunguka mfuko huo kama ganda. Chini ya ndoo utaona vidonge vya mviringo vinavyoyumba ukitikisa, tofauti na mchanga unaolala. Uzito wa mchanga unavishikilia chini, na ganda linazuia mafuta yasitoke.

Usivimwage na maji machafu. Toa mafuta ya juu, punguza maji, kisha ongeza maji ya moto na uvisugue vidonge kwa upawa dhidi ya kitako cha chombo. Vikipasuka, mafuta yanapanda. Kama vipo vingi kila mara, ujue ulimwaga maji yote kwa mkupuo, nyunyiza.

Dalili: ute wa kahawia

Ukiuchota unanyooka na kuteleza. Huo ni ute wa mbegu zenyewe, fosfolipidi (aina ya mafuta ya mbegu yanayopenda pia maji), zilizokunywa maji. Habari njema: ukiwa mkavu ulikuwa umeyeyuka ndani ya mafuta bila kuonekana, maji yameutoa nje. Viwanda hufanya hivyo kwa makusudi, kwa maji ya asilimia 1 hadi 3 tu ya mafuta, kwenye joto la nyuzi 60 hadi 80, kwa kukoroga polepole. Ukiona ute ni mwingi na unavuta mafuta, punguza maji kwenye awamu ya kwanza, acha ushuke, uondoe, ndipo uoshe kwa maji mengi. Kuosha kwa maji mengi kutoka mwanzo huufanya ute ushikane na mchanga, na hapo unakuwa na matatizo mawili ndani ya tabaka moja.

Dalili: tabaka jeupe, zito, kati ya mafuta ya nazi na maji

Sasa watu wa Mikindani, Kilwa na kokote minazi inakozaa. Umekuna, umekamua, umechuja kwa kifumbu, umeliacha tui lichachuke siku moja hadi siku moja na nusu. Maji yamejitenga chini, mafuta yameanza kuonekana juu, na katikati kuna kitu kama maziwa ya mgando, wakati mwingine kinene kuliko mafuta yenyewe.

Mchanga hauhusiki hapa. Tabaka hilo ni matone madogo ya mafuta yaliyozungukwa na protini za nazi pamoja na vijichembe vya chicha vilivyopita kwenye kifumbu. Mwaka 1907 mkemia Mwingereza Spencer Umfreville Pickering alieleza jinsi chembe ngumu zinavyozuia matone ya mafuta yasiungane ndani ya maji. Mwenzake Walter Ramsden alikuwa ameligusa jambo hilo miaka michache kabla yake. Chembe ya kipenyo cha maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ikishakaa mpakani, nishati inayohitajika kuing'oa ni mamilioni ya mara kuliko mtikisiko wa kawaida wa joto. Kwa maneno mengine, haitoki yenyewe. Matone mawili yenye chembe za namna hiyo yakigusana, hayaungani, yanapakana tu.

Tatizo likiwa chicha, litatue kwa kuchuja: baada ya kifumbu, pitisha tui kwenye kitambaa chepesi, na usikamue lile la mwisho kwa kupindisha kitambaa kwa nguvu zote. Tamaa ya tui la mwisho ndiyo inayosukuma vumbi la chicha ndani. Tui la pili litumie kwenye mboga; samaki wa kupaka hawatalalamika.

Tatizo likiwa protini, zibadilishe. Uchachu wenyewe unafanya kazi hiyo: asidi ikiongezeka, protini za nazi hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyaachia mafuta. Siku za baridi uchachu huchelewa, ndiyo maana tui lililokuwa linajitenga vizuri mwezi wa Desemba linasusa mwezi wa Julai. Lisogeze karibu na jiko lenye joto la wastani, au ongeza maji ya ndimu kidogo. Joto kali nalo linafaa: zikifika nyuzi 80 hivi protini huganda. Mafuta yatatoka, ingawa yatakuwa na harufu ya kupikwa, na anayeuza mafuta mabichi kwa bei ya juu hatalipenda hilo.

Tabaka jeupe likiwa limeelea juu kabisa ya mafuta, badala ya katikati, linabebwa na gesi ya uchachu. Gonga chombo ubavuni taratibu, gesi itoke, litashuka lenyewe hadi mpakani. Ukisha kuyatoa mafuta safi, lile tabaka lipike peke yake kwa moto mdogo hadi maji yaishe. Utapata mafuta ya daraja la pili, ya rangi nzito zaidi, mazuri tu kwa kupikia.

Dalili: umetia chumvi, na vilivyokuwa vimezama vimepanda

Chumvi inashauriwa sana, na kwa haki. Kilo 1 ndani ya lita 10 za maji inafikisha gramu 1.06 hivi kwa mililita. Tofauti ya uzito kati ya maji na mafuta inakaribia kuongezeka maradufu, na matone ya mafuta yanapanda haraka. Kwa mchanga haibadilishi kitu cha maana, kwani 1.06 bado iko mbali na 2.65.

Shida ni vitu vyepesi. Kipande cha chicha chenye mafuta bado ndani yake, au ganda la ufuta lililonasa hewa, kinakaribiana na maji kwa uzito. Kwenye maji matupu kilikuwa kinazama polepole. Kwenye maji ya chumvi kinageuka na kupanda hadi mpakani, na hapo ndipo kitakapokaa, kwa kuwa ni kizito kuliko mafuta na chepesi kuliko maji. Hakijakwama: pale ndipo mahali pake. Hakuna kukoroga kutakakokishusha. Punguza chumvi kwa kuongeza maji matamu, au kiondoe kwa chujio. Anayewaza kutumia maji ya bahari ajue yanatoa 1.025 tu, na yanakuja na mchanga wake.

Dalili: asubuhi ya kusi, kila kitu kimesimama

Ni ya mafuta ya nazi peke yake. Huanza kuganda karibu na nyuzi 24, na alfajiri za Juni na Julai Lindi na Mtwara hushuka chini ya hapo. Chembe zimenasa kwenye mafuta yaliyoganda. Weka chupa juani. Kama zinaanza kushuka mafuta yakiyeyuka, hapakuwa na tatizo lolote. Mafuta ya ufuta hayagandi kwa baridi yetu, kwa hiyo yakiwa na ukungu asubuhi, tafuta maji yaliyobaki ndani yake.

Ukiamua kuchuja

Kuna wakati tabaka la mpakani halistahili muda wako. Pakua mafuta ya juu kwa upawa, simama vidole viwili juu ya tabaka, na yaliyobaki yote yahamishie kwenye chupa nyembamba ili usipoteze. Yale uliyopakua yapitishe kwenye kitambaa cha pamba, kikavu kabisa. Kitambaa kilicholowa maji kinayakataa mafuta: matundu yake yamejaa maji, na unarudi kwenye mpaka uleule, safari hii ukiwa wima. Watu hukisuuza, hukikamua, hukitumia hapohapo, kisha hulalamika kwamba kimeziba.

Mwisho pasha mafuta kwa moto mdogo hadi vipovu viishe na sauti ya kutatarika ikome. Maji yaliyobaki ndiyo huyaharakisha mafuta kuchacha dumuni. Yaache yapoe kabla ya kufunga kifuniko, la sivyo mvuke utarudi kuwa matone kwenye kifuniko na kudondokea humo.